Barua ya Wazi kwa Wauza Vyuma wa Dodoma: Tuuzieni Unene Mnaoutaja

Kwa: Wenye maduka ya vyuma na vifaa vya ujenzi, Jiji la Dodoma.

Nakala: Shirika la Viwango Tanzania (TBS), Wakala wa Vipimo, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), na mafundi wenzangu wa kuchomelea wa kanda ya kati.

YAH: UNENE WA CHUMA TUNACHONUNUA KWENU

Waheshimiwa na ndugu zangu,

 

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Karakana yangu ni upenu wa bati nyuma ya nyumba, Nkuhungu: mashine moja ya kuchomelea, grainda mbili, jiliwa moja, na vijana wawili ninaowafundisha. Ninatengeneza mageti, grili za madirisha, stendi za matenki, vitanda, na wakati wa kilimo ninanyoosha majembe ya plau. Nimekuwa mteja wenu kwa miaka 17. Wengine mmenikopesha chuma nilipokuwa sina kitu, na sijausahau wema huo. Ninawaandikia hadharani kwa sababu kwenye kaunta zenu nimekwisha kusema mara nyingi, na jibu limekuwa moja: "Fundi, ndiyo iliyopo."

Sasa naomba mnisikilize hoja kwa hoja.

1. Mwaka juzi mama mmoja wa Miyuji aliniagiza stendi ya tenki la lita 2,000. Mtu wa Dodoma haelezwi tenki ni la nini. Maji ya mgao yakija usiku, lazima yapate pa kukaa hadi yatakapokuja tena. Lita 2,000 ni tani 2, na mama alitaka zikae mita 3 kutoka chini ili maji yapande hadi bafuni. Nilikwenda dukani nikaomba engo ya 50 kwa 50, unene milimita 5. Nikaambiwa ndiyo hii. Risiti ikaandikwa hivyo hivyo. Sikupima. Hilo ni kosa langu na nimelilipia.

Stendi ilisimama miezi minne. Usiku mmoja wa Agosti, tenki likiwa limejaa na upepo ule wa kwetu ukivuma, mguu mmoja ulipinda kama bua la mtama na tenki likaangukia jiko la nje. Jiko lilikuwa tupu kwa kuwa ilikuwa saa tisa ya usiku. Ingekuwa saa kumi na mbili asubuhi, watoto watatu wangekuwa mle ndani wanaota moto na kusubiri chai.

Asubuhi nilikata kipande cha mguu uliopinda nikakipeleka kwenye jiliwa, nikakisafisha kutu na rangi mpaka chuma kikang'aa, nikakipima kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Ilisoma milimita 3.6. Nikasogeza kidogo, ikasoma 3.4. Nilikuwa nimehesabu uwezo wa mguu kwa milimita 5, na karibu theluthi moja ya chuma nilichokilipia haikuwapo. Nilijenga stendi nyingine kwa fedha yangu, nikamnunulia mama tenki jipya, na kile kipande bado ninacho karakanani. Duka sitalitaja, kwa sababu baada ya siku ile nilianza kupima kila ninachokinunua, mitaa mbalimbali, na nimeona kwamba hili si tatizo la duka moja.

2. Huku mitaani "moja na nusu", yaani milimita 1.5, imekoma kuwa kipimo. Limekuwa jina. Kuna "moja na nusu kamili" na kuna "moja na nusu ya kawaida", na mteja asiyejua lugha ya kaunta anapewa ya kawaida kwa bei inayokaribia ya kamili. Tuiweke kwenye mzani. Skwea paipu ya 40 kwa 40 yenye urefu wa mita 6, ukuta wake ukiwa milimita 1.5 kweli, ina uzito wa karibu kilo 11. Ukiwa milimita 1.2, uzito unashuka chini kidogo ya kilo 9. Ukiwa milimita 1, inabaki kilo 7 na kidogo. Geti linalokula paipu 10 linampunja mwenye nyumba kilo 20 kwa ile ya 1.2, na zaidi ya kilo 35 kwa ile ya milimita 1. Kwa jicho paipu zote tatu ni pacha. Rangi ni ile ile, urefu ule ule, na upana wa nje haupungui hata kidogo, kwa sababu wizi wote uko upande wa ndani.

Nondo nazo vivyo hivyo. Nondo ya milimita 12 ina gramu 888 kwa kila mita, kwa hiyo ile ya mita 12 inakaribia kilo 10.7. Ikiwa kwa kweli ni ya milimita 11, mzani utasoma kilo 9 hivi. Milimita moja inaonekana ndogo mdomoni, lakini imeondoka na sehemu ya sita ya chuma.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Vipande vya paipu vinavyobaki karakanani navikusanya kwenye kiroba, na kila baada ya miezi michache nampelekea mnunuzi wa chuma chakavu. Yule bwana ananipimia kwa mzani. Anauweka sawa, anatoa kiroba kitupu apime pembeni, anabishana nami juu ya nusu kilo. Chuma kilichokwisha kutumika, chenye kutu na rangi iliyobanduka, kina heshima ya mzani. Chuma kipya, ambacho mjane atakipa kazi ya kulinda mlango wake, tunauziwa kwa macho, kama mbuzi kwenye gunia.

3. Mtasema mteja anataka bei nafuu. Ni kweli, nami nina wateja wa hivyo kila wiki. Chuma chembamba sikikatai hata kidogo. Rafu ya duka, kiti, kibanda cha miamala ya simu, kizimba cha kuku, vyote hivyo milimita 1 inavitosha na tena ni busara kuitumia. Ninachokataa ni kuitwa jina la mwenzake. Iuzeni milimita 1 kwa jina lake na bei yake, nami nitamweleza mteja wangu kazi inayoifaa.

Na kuna madhara ambayo nyinyi wa dukani hamyaoni, kwa sababu yanatokea kwangu. Kijana wangu nimemfundisha kuseti mashine kwa ajili ya ukuta wa milimita 1.5 na rodi ya 2.5. Anagusa paipu, inatoboka. Anaziba tundu kwa tone la rodi, linatoboka pembeni. Anateremsha moto. Ikitoboka tena anateremsha tena, mpaka afike mahali ambapo haitoboki, na hapo anafurahi. Lakini moto ule hauyeyushi tena kingo mbili zikawa kitu kimoja. Unaipaka rodi juu ya kingo hizo, kama uji uliogandia sufuriani. Kiungo kinaonekana kimefungwa, na ndani hakijashikana. Kijana huyo akizoea hivyo kwa mwaka mzima, siku atakayopewa chuma kinene atakichomelea kwa moto ule ule wa woga, na geti la shule litafunguka kwenye bawaba. Kwa hiyo unene wa uongo unaharibu kazi ya leo na unaharibu pia mkono wa fundi wa kesho. Nimelazimika kuanza kuwafundisha vijana wangu upya, nikiwa nimewapimia kila kipande kabla hawajakigusa.

4. Rodi zinazouzwa moja moja kutoka boksi lililo wazi, zikipigwa na vumbi la barabarani na mvua ya Januari, zinabanduka ganda lake la dawa. Ganda hilo ndilo linalokinga chuma kilichoyeyuka kisivute hewa. Likibanduka, mshono unajaa vitundu. Fungeni maboksi.

5. Diski za kukatia ni jambo la uhai. Diski nzuri ya grainda ndogo, ya milimita 115, imeandikwa kasi yake, mita 80 kwa sekunde, yaani mizunguko 13,300 kwa dakika, na kwenye pete ya chuma iliyo katikati pana mwezi na mwaka wa kwisha muda wake. Mwaka jana nilinunua kumi ambazo pete zake zilikuwa tupu. Ya tatu ilipasuka ikiwa mkononi mwa kijana wangu. Kipande kimoja kilipita karibu na sikio lake kikazama kwenye mlango wa mbao, na mpaka leo hakitoki bila kuchimbwa kwa patasi. Alikuwa na miwani na grainda ilikuwa na kikinga chake, namshukuru Mungu. Mafundi wengi wanakiondoa kikinga hicho ili wafunge diski kubwa ya inchi 9 kwenye mashine ndogo inayozunguka mara 11,000, ilhali diski hiyo imetengenezwa kwa mizunguko kama 6,600 tu. Nanyi mnawauzia huku mnawaona na mashine zao mikononi. Mkataeni mteja wa namna hiyo. Mtakuwa mmempa macho na uso wake.

6. Sasa nageukia upande wetu, maana haki haina upande mmoja. Mafundi wenzangu, tumekuwa watu wa funika kombe mwanaharamu apite. Tunashikiza kona kwa madoa mawili mahali panapotaka mshono mzima. Tunausaga mshono mpaka unakuwa bapa, ufa ukionekana tunaupaka puti ya mabodi ya magari, kisha rangi nyeusi yenye kung'aa, na mteja anapiga picha geti lake kwa furaha. Tunaruka rangi ya kuzuia kutu kwa kuwa haitaonekana. Baada ya masika mawili puti inadondoka kama gamba, na anayeangalia anasema mafundi wa mtaani ni matapeli. Hatuwezi kudai milimita zetu dukani huku tukiwaibia wateja mishono. Nami niliwahi kupaka puti. Nimeacha, na kila geti ninalolitoa sasa mteja analiona likiwa bado ni chuma kitupu kabla ya rangi, aguse kila kona kwa kidole chake.

7. Kuna wanaodhani uaminifu huu ni habari ya viwanda vikubwa na vyeti vya ukutani. Lakini kwenye milima ya Kondoa bado kunaokotwa mavi ya chuma, mabaki ya wahunzi waliokuwa wakiyeyusha udongo wa chuma kwa mkaa na mivukuto. Huko Ufipa tanuru za wahunzi, yaani malungu, baadhi yanasimama mpaka leo yakimzidi mtu kimo. Unyamwezi na Usukuma jembe la chuma lilitolewa mahari. Hebu fikirini: ungepelekaje ukweni jembe lililojaa mapovu ndani? Chuma kibovu kingekuwa aibu ya ukoo.

Mzee mmoja mhunzi, niliyemtembelea Kondoa nilipokuwa kijana, alikuwa anatengeneza visu na majembe kutoka kwenye majani ya springi za malori. Hakuwa na kalipa. Alichukua kipande, akakigusisha kwenye jiwe la kusaga, akatazama cheche. Springi ya kweli ilitoa cheche zinazopasuka mwishoni kama nyota ndogo. Chuma laini kilitoa mistari mirefu isiyopasuka. Kilicho laini alikitupa upande wa bawaba na misumari, na hakuna mkulima aliyewahi kuuziwa bawaba kwa jina la kisu. Na sisi wa Ugogo tuna ilimba, ala yetu ya muziki. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu, aliipeleka kwenye majukwaa ya dunia. Ndimi za ilimba ni za chuma kilichopondwa, na mtengenezaji anajua kwamba ulimi wa chuma kisichofaa hautaimba hata ukiupiga na kuunyoosha siku nzima. Sikio linaukataa palepale. Geti halina bahati hiyo, linanyamaza mpaka siku linapoanguka.

8. Kwa nini nayasema leo? Kwa sababu mji wetu unajengwa sasa. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa dhati mwaka 2016, na Dodoma kutangazwa jiji mwaka 2018, hatujapumzika. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 ndani ya jiji. Tazameni Iyumbu, Nala, Ihumwa, Mtumba, na mashamba ya juzi ambayo leo ni mitaa. Kila nyumba inataka geti, grili, na stendi ya tenki. Tutakachokifunga mwaka huu ndicho watoto wetu watakachopita chini yake kwa miaka 30. Na watumishi wanaojenga kwa mkopo wa mshahara hawana fedha ya kujenga mara mbili.

Sheria nazo zipo. Sheria ya Alama za Bidhaa ni ya tangu 1963, na inakataza kuuza kitu kwa maelezo ya uongo. Sheria ya Viwango ni Namba 2 ya mwaka 2009. Sipendi tufike huko. Wengi wenu mnanunua kwa wauzaji wa jumla na hamkupima, kama mimi ambavyo sikupima siku ile. Lakini baada ya barua hii hakuna atakayesema hakujua.

9. Basi maombi yetu ni haya, na hakuna hata moja linalotaka mtaji mkubwa.

Kwenu wenye maduka: wekeni mzani na kalipa juu ya kaunta, mteja aruhusiwe kuvitumia bila kununiwa. Risiti iandike upana, unene kwa milimita, na kilo za mzigo wote, si neno "geji" peke yake. Bei za paipu, engo, flatibaa na nondo zibandikwe kwa kilo pamoja na kwa pisi, ili chembamba kiwe rahisi kwa haki na kinene kiwe ghali kwa haki. Chuma kikionekana kina upungufu kirudishwe kabla hakijakatwa, na fedha itoke siku hiyo hiyo. Nanyi mkinunua kwa jumla, pimeni kabla ya kushusha mzigo. Mkiungana kukataa lori moja, la pili litakuja na unene wake.

Kwa TBS na Wakala wa Vipimo: njooni madukani kama mnavyokwenda kwenye vituo vya mafuta na maduka ya vyakula. Tunaomba matokeo yatangazwe kwa Kiswahili, pamoja na uzito wa kila aina ya chuma katika karatasi moja ambayo fundi anaweza kuibandika ukutani. Wakati wa maonyesho ya Nane Nane pale Nzuguni, wekeni meza moja tu yenye mzani na kalipa, mwananchi alete kipande chake kipimwe mbele yake.

Kwa SIDO na VETA: kila kijana anayesoma kuchomelea apewe kalipa siku ya kwanza, kabla ya mashine. Na mafundi wa mtaani mnaowapima ili kurasimisha ujuzi wao, muwaambie wakate mshono wao katikati na kuuonyesha ndani. Mshono unaopendeza nje umewadanganya wasimamizi wengi.

Kwenu wenye kujenga: msimpe fundi fedha ya chuma mkakaa nyumbani. Nendeni naye dukani, simameni hapo mzigo unapopimwa. Fundi atakayekasirika kwa kusindikizwa, mwacheni.

Kwa upande wangu, nimenunua mzani wa kilo 100 kwa yule yule mnunuzi wa chakavu, nikaupeleka ukakaguliwa na kugongwa muhuri. Uko mlangoni pa karakana pamoja na kalipa na kile kipande cha engo cha milimita 3.4. Yeyote aliyenunua chuma, hata kama kazi hanipi mimi, alete apime bure, Jumatatu hadi Jumamosi, kuanzia saa mbili asubuhi. Na nyinyi wenye maduka karibuni pia. Nitafurahi sana siku mtakaponiambia niuondoe kwa kuwa kwenu uko.

Ni mimi mteja wenu,

Fundi wa kuchomelea, Nkuhungu, Dodoma.